Jarife Lilitangulia Hospitali

Mgeni anayefika kwenye kituo cha kutibia kasa cha Watamu, kaunti ya Kilifi, huvutwa moja kwa moja na mabirika ya wagonjwa, na ni rahisi adhani habari ya mahali hapo ilianza na tiba. Ilianza na jarife, wavu wa mvuvi. Mwaka 1997 wakazi waliunda kikundi cha kulinda viota ufukweni, Watamu Turtle Watch, na mwaka uliofuata wakapatana na wavuvi: atakayenasa kasa bila kukusudia atoe habari, apewe fidia kidogo, kasa apimwe, atiwe kibati cha namba, arudishwe majini. Mabirika yalikuja baadaye, kwa wale ambao hali yao haikuruhusu warudi baharini siku ileile. Tangu mapatano hayo, kasa wameokolewa zaidi ya mara 20,000, na walio wengi hawakuhitaji daktari.

Uzito wa mapatano hayo haueleweki bila kutazama nyuma sana. Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza, unataja magamba ya kasa pamoja na pembe za ndovu miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki. Mababu wa wavuvi wa leo walimfunga samaki chazo kamba mkiani, wakamwachia amgande kasa, kisha wakavuta taratibu. Mnyama huyu alikuwa nyama, mafuta na fedha. Sheria ilipokuja kumkataza mvuvi, ilimkataza urithi, tena mahali ambapo askari hayupo: baharini, usiku, mtu na wavu wake uliochanika.

Wapo wasemao fidia ni bei kwa jina jingine, na kwamba mvuvi mwerevu atamtafuta kasa makusudi. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini kinachotolewa ni kifuta jasho tu, hakifikii thamani ya nyama, kwa hiyo anayemkabidhi kasa amekubali hasara. Udhaifu ninaouona mimi uko kwingine: mpango wa namna hii huishi kwa michango ya wafadhili.

Wengine huuliza kasa mmoja ana faida gani wakati mayai ni maelfu. Jibu lilipatikana mwaka 1987, Deborah Crouse na wenzake walipopiga hesabu za kasa duvi wa Marekani: hata mayai yangelindwa yote, idadi ingeendelea kushuka, ila vifo vya wakubwa, na vya wachanga waliokwisha kukua kiasi, vikipunguzwa ingepanda. Kasa huchukua miaka mingi, pengine 20 au 30, kabla ya kutaga. Aliyenusurika hadi kufikia jarife ameshapita hatari zilizowamaliza ndugu zake karibu wote.

Ndani ya birika, hata hivyo, yumo mgonjwa ambaye mapatano hayamfikii. Anaelea, nyuma yake ikiwa juu, hawezi kuzama atafute chakula. Plastiki imeziba utumbo na hewa imejaa tumboni. Huogeshwa maji yasiyo na chumvi ili viumbe vidogo vilivyoganda gambani vife na kudondoka, hupewa dawa ya kulainisha choo, kisha husubiriwa, wakati mwingine kwa miezi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, lakini mikondo ya bahari huleta takataka za nchi nyingi. Mwenye jarife anajulikana kwa jina na nyumba yake. Mwenye mfuko ule hajulikani, na hakuna wa kwenda kuketi naye.