Mfongo na Sheria ya Maji

Kabla ya ukoloni, Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa wamekwisha chimba mifongo, yaani mifereji iliyotoa maji makorongoni na kuyafikisha vihambani penye migomba, na chini zaidi kwenye mashamba ya ulezi. Wasafiri wa Ulaya waliofika huko katika karne ya 19 waliistaajabia kazi hiyo.

Lakini ustadi wa kuchimba ulikuwa nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ilikuwa kanuni. Ukoo wa aliyeanzisha mfongo ndio uliousimamia. Kila mwenye kihamba alikuwa na zamu yake. Na asiyetoka siku ya kuuzibua hakuwa na haki ya kudai maji.

Baadaye maji ya mlima yalipata wadai wapya: mashamba makubwa, miji, na bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 mahali mito Kikuletwa na Ruvu inapokutana. Sheria ya 1974 iliyaweka maji yote mikononi mwa Jamhuri. Ile ya 2009 ikayakabidhi mabonde kwa bodi zake. Hatua hizo zilikuwa za lazima, kwani mkulima wa juu hamwoni mvuvi wa chini.

Hata hivyo, hati ya ofisini haizibui mfereji. Watu wanazidi, maji hayazidi. Bodi ya bonde na mzee wa mfongo hawana budi kuketi pamoja. La sivyo, sheria itabakia na karatasi, na mto utabakia na mchanga.