Habari za Fereti, Mnyama Aliyetoka Shimoni Akaingia Nyumbani

Wengi wetu twamjua kicheche, mnyama mdogo mwenye milia, anukaye vibaya akitishwa. Hakuna apendaye kumwona karibu na banda la kuku. Lakini huko Ulaya yuko jamaa yake, jina lake fereti, ambaye watu wamemfuga kwa muda wa miaka elfu mbili hivi, na leo katika nchi nyingi hukaa ndani ya nyumba kama paka. Yafaa tujue jinsi alivyofika humo, kwa maana habari zake zatufundisha kwamba kazi ya kumfuga mnyama haiishi siku ile anapokamatwa.

Fereti ana mwili mrefu na miguu mifupi, na uzito wake ni kilo moja au mbili tu. Kwa umbo hilo huingia mashimoni kwa wepesi. Strabo, Mgiriki aliyeandika habari za nchi nyingi katika siku za Kaisari Augusto, asimulia kwamba sungura walizidi mno katika Hispania, wakaharibu mimea kwa kula mizizi yake. Watu wa visiwa vilivyo karibu walituma hata wajumbe kwa Warumi, kuomba nchi nyingine ya kukaa. Kisha ataja wanyama wadogo walioletwa kutoka Libya, ambao walifungwa vinywa wakatiwa mashimoni, wawavute sungura nje kwa makucha au wawafukuze hata watoke penye watu wanaowangoja. Wataalamu wengi hudhani kuwa hao walikuwa fereti. Wawindaji wa baadaye pia waliwafunga vinywa, kwa kuwa fereti akishiba hulala mle mle shimoni, na bwana wake hukaa nje akingoja bure.

Basi kazi hiyo ilifanikiwa kwa sababu mnyama hakutoka mkononi mwa mtu. Katika karne ya 19 Waingereza waliohamia New Zealand walichukua sungura pamoja nao, na sungura hao wakaongezeka hata wakamaliza majani ya kondoo. Watu wakakumbuka fereti. Kuanzia miaka ya 1880 maelfu yao waliachwa waende zao porini. Wajuzi wa ndege walionya, lakini hawakusikilizwa. Nchi ile haikuwa na mnyama wa asili wa nchi kavu anyonyeshaye ila popo, na baadhi ya ndege wake, kama kiwi, hawaruki, nao huzaa chini. Sungura hawakwisha, lakini ndege wale waliuawa wengi. Majuto ni mjukuu: mwaka 2002 serikali yao ilikataza kuuza na kuzalisha fereti. Je, kosa lilikuwa la mnyama, au la yule aliyemfungulia mlango kisha asimtazame tena?

Fereti aliwafaa watu kwa njia nyingine pia. Katika miaka ya 1920, huko Mill Hill, karibu na London, mganga Patrick Laidlaw na mwenzake Dunkin walitumia fereti kuchunguza distempa, ugonjwa uuao mbwa. Kwa hiyo fereti walikuwa tayari mahali pale mwaka 1933, Laidlaw, Wilson Smith na Christopher Andrewes walipotafuta chanzo cha homa ya mafua, homa ile iliyoua watu wengi mwaka 1918, hata huku kwetu Afrika ya Mashariki. Waliwatia fereti puani maji waliyosukutua wagonjwa kooni, na fereti wakaugua. Hivyo kirusi cha homa hiyo kwa wanadamu kikajulikana.

Jambo hilo lamfaa kila afugaye fereti nyumbani. Mwenye mafua asimkaribie, kwa maana humwambukiza, naye aweza kumrudishia mtu ugonjwa. Achanjwe distempa, kwani ikimpata humwua. Chakula chake ni nyama. Matumbo yake ni mafupi, kwa hiyo nafaka na mboga hazimfai, na yampasa kula kidogo kidogo mara nyingi. Hulala zaidi ya nusu ya siku, wala huo si ugonjwa. Joto jingi humdhuru upesi, basi awekwe mahali penye kivuli na hewa. Jike asiyepandishwa wala kukatwa vizazi aweza kufa kwa kupungukiwa damu. Na kila tundu la nyumba lizibwe, kwa sababu penye nafasi ya kichwa chake ndipo apitapo.

Fereti amezoea mikono ya watu kwa vizazi vingi, na akipotea nje, mara nyingi hufa kwa njaa. Yeye hakuomba kutolewa shimoni. Aliyemtoa ndiye mwenye deni la kumlisha, kumtibu na kumlinda, hata siku yake ya mwisho.