UZI: Soko la hisa likivunja rekodi, ni nani ameshinda?

1/ Soko la hisa likipanda, mwanasiasa wa serikali anasema uchumi umeimarika. Likishuka, wa upinzani anasema nchi imezama. Wote wanasoma namba ya siku moja tu. Hebu twende New York, 1929, tuone namba kama hizo zilivyowachezea watu.

2/ Septemba 3, 1929, Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni 30 kubwa za Marekani, kilifunga pointi 381. Rekodi. Lakini wengi walikuwa wamenunua hisa kwa mkopo: unatoa pesa kidogo, broka anakuongezea zilizobaki. Bei ikipanda, unaonekana mjanja. Ikishuka, broka anataka pesa zake sasa hivi. Huna? Anauza hisa zako.

3/ Na zikauzwa. Oktoba 28 Dow ilianguka karibu asilimia 13. Kesho yake, karibu asilimia 12 tena. Kila aliyelazimika kuuza alishusha bei ya mwenzake, naye mwenzake akalazimika kuuza.

4/ Sasa skizeni hii. Oktoba 30 ilipanda zaidi ya asilimia 12! Mtu angesimama jukwaani jioni hiyo angesema shida imeisha. Kufikia Julai 1932, Dow ilikuwa pointi 41. Karibu asilimia 90 ya ile rekodi ilikuwa imeyeyuka.

5/ Na siku ambayo Dow imewahi kupanda zaidi kwa asilimia? Machi 15, 1933: zaidi ya asilimia 15. Wakati huo karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi, na benki ndiyo kwanza zilikuwa zinafunguliwa baada ya kufungwa nchi nzima. 2020 ikajirudia: Machi 16 chini karibu asilimia 13, Machi 24 juu zaidi ya 11, na corona bado inasambaa. Bei zikiruka hivyo, mara nyingi ni hofu inayoongea, si neema.

6/ Dow ilirudi pale ilipokuwa 1929 mnamo Novemba 1954. Miaka 25! Mwaka huohuo ndio soko la hisa la Nairobi lilianzishwa.

7/ Na sisi tumeyaona. Januari 2007 kipimo cha NSE 20 kilipita 6,000, rekodi. Machi 2009 kilikuwa chini ya 3,000. Hapo katikati, 2008, hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma Sh5 kila moja, na wapo waliokopa benki ili wanunue. Kabla mwaka uishe, bei ilikuwa chini ya Sh5. Deni la benki lilibaki palepale.

8/ Kwa hivyo ukisikia "rekodi" kwenye mdahalo, uliza:
– Ni asilimia ngapi? Pointi 508 zilikuwa asilimia 22.6 ya Dow Oktoba 19, 1987. Leo pointi hizo ni mtikisiko mdogo tu.
– Kwa muda gani? Siku moja ama miaka mitano?
– Nani ana hizo hisa, na amezinunua kwa pesa za nani?

Mama mboga asiye na hisa hata moja hajapata kitu kwa rekodi ya jana. Anayemwambia uchumi umeimarika amuonyeshe kwa bei ya unga na kwa kazi za watoto wake.