Bonde Lisilo na Televisheni

Katika mwaka 1973 palikuwa na mji mdogo bondeni, katika jimbo la British Columbia huko Kanada, ambao haukuwa na televisheni. Si kwamba wenyeji waliikataa. Milima iliuzuilia mji mawimbi, ilhali miji ya jirani ilikwisha kuizoea miaka mingi. Tannis MacBeth Williams, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha British Columbia, alipata habari kwamba chombo hicho kilikuwa karibu kuingia, akauchunguza mji pamoja na wenzake kabla hakijafika. Wakaupa jina la kupanga, Notel, wakaulinganisha na miji miwili mingine: Unitel, uliopata stesheni moja tu, na Multitel, uliopata nne.

Hapo kwanza watoto wa Notel waliwashinda wenzao katika jaribio la ubunifu, ambalo mtoto huulizwa kitu cha kila siku chaweza kutumiwa kwa kazi ngapi. Mwaka 1975, yaani miaka miwili tu baada ya televisheni kuingia, tofauti ile ilikuwa imetoweka. Viwanjani, kupigana na kutukanana kuliongezeka kwa wavulana na wasichana, hata kwa waliokuwa wapole. Aliyekisoma kitabu cha Williams kilipotoka mwaka 1986 angeweza kudhani kuwa shauri limekwisha.

Lakini kuna St Helena, kisiwa cha Atlantiki ya Kusini kilicho chini ya Uingereza, chenye watu wapatao elfu chache tu. Televisheni ilifika huko kwa setilaiti mwaka 1995. Tony Charlton na wenzake walikwisha kuwapiga picha za video watoto wadogo wakicheza shuleni kabla ya hapo. Miaka mitano baada ya chombo kufika wakawapiga tena. Ugomvi haukuzidi. Sababu waliyoitoa haikuhusu chombo hata kidogo: kisiwani kila mtu humjua mtoto wa kila mtu, na wazazi, walimu na majirani hawakuacha kumtazama.

Kwa hiyo swali la haki si chombo kina nini, bali kimemkuta mtoto na nani. Ndipo simu inapotofautiana na televisheni. Televisheni ilikaa sebuleni, na apitaye aliona kinachotazamwa. Simu huingia na mtoto chini ya shuka, na maneno yanayomchoma humo aghalabu yameandikwa na mwanafunzi mwenzake, si na mtangazaji wa mbali. Jicho la jirani, lililowafaa watoto wa St Helena, halifiki hapo.

Tena simu zimeenea upesi mno, na mji wa kulinganisha nao ni shida kupatikana. Jonathan Haidt alipotoa kitabu chake mwaka 2024, akizilaumu simu kwa huzuni ya vijana, Candice Odgers alimjibu kuwa ushahidi hautoshi. Na mabishano ya namna hiyo hayaishi pasipo Notel.

Tarehe 10 Desemba 2025 sheria ya Australia ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii ilianza kutumika. Watafiti wa huko sasa wana kazi ya Williams kinyumenyume: chombo kinatolewa bondeni, iwapo kweli kitatoka, maana watoto nao ni hodari wa kuizunguka milima.