Huzuni Yenye Sababu: Dhamira na Hali ya Hisia katika Wimbo wa "Malaika"

1.0 Utangulizi

"Malaika" ni miongoni mwa nyimbo za Kiswahili zilizosafiri mbali zaidi. Fadhili William aliurekodi jijini Nairobi akiwa na kundi la Jambo Boys. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauimba katika albamu yao ya mwaka 1965, na Boney M. mwaka 1981. Katika safari hiyo umezoeleka kama wimbo mwororo wa mapenzi. Makala haya yanadai kuwa mazoea hayo yameficha jambo la msingi: huzuni ya wimbo haitokani na kukataliwa bali na ukata, na ukata huo una historia yake.

2.0 Dhamira

Nafsineni ni kijana apendaye, na hakuna mahali anapolalamika kuwa hapendwi. Kizuizi chake ni kimoja: hana uwezo wa kuoa. Kizuizi hicho kinatajwa kwa maneno mawili ambayo si visawe kamili. "Mali", neno lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya utajiri kwa jumla, ukiwamo ule unaotolewa na upande wa mume kwa upande wa mke. "Pesa" lina asili ya Kihindi. Lilienea pamoja na sarafu za biashara ya Bahari ya Hindi, kabla ya shilingi ya Afrika Mashariki kuanzishwa mwaka 1921. Chini ya ukoloni, kodi zilizodaiwa kwa fedha taslimu ziliwasukuma vijana kutafuta ajira ya mshahara mijini na mashambani. Mahari, ambayo awali ilikuwa shughuli ya ukoo mzima, ikazidi kutegemea kipato cha mtu mmoja. Ndiyo maana wimbo hauna baba, mjomba wala mshenga. Kijana yuko peke yake mbele ya deni ambalo zamani lingebebwa na wengi.

3.0 Hali ya hisia

Huzuni hiyo haina hasira. Msingi wake wa kisarufi ni kiambishi -nge-, kinachoonesha tendo ambalo lingetimia iwapo sharti lake lingekuwapo. Nafsineni haahidi wala hasihi, anatafakari. Jina analomwita mpenzi wake lina maana zaidi ya moja: malaika ni kiumbe wa mbinguni, ni mtoto mchanga, na ni vinyweleo laini vya mwilini. Hivyo mpendwa yu karibu kama ngozi, na papo hapo yu mbali kama mbingu. Taswira ya ndege mdogo inakazia jambo hilohilo: ni kiumbe wa kuonewa upendo, lakini anaweza kuruka akaenda zake. Marudio ya maneno na utulivu wa lahani humrudisha msikilizaji palepale, kama wazo lisilopata ufumbuzi.

4.0 Gharama ya jina "jadi"

Mwaka 1966 albamu ya Belafonte na Makeba ilipata tuzo ya Grammy katika kipengele cha muziki wa jadi. Jina hilo si dogo. Kinachoitwa cha jadi huchukuliwa kuwa hakina mwenyewe wala tarehe. Hata hivyo, Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, alidai kuwa mtunzi, na Adam Salim naye alidai hivyo. Makala haya hayakusudii kuamua kati yao. Yanasisitiza kuwa madai yote mawili yanauweka wimbo katika karne ya 20, katika ulimwengu wa mshahara na studio. Kuna kejeli chungu hapa: wimbo unaolilia pesa uliuzwa duniani kote huku haki ya utunzi wake ikibishaniwa.

5.0 Hitimisho

Kuisikia huzuni ya "Malaika" bila kuisikia sababu yake ni kuupokea wimbo nusu. Mtafiti wa historia ya jamii anapaswa kuusoma kama ushahidi wa jinsi fedha ilivyoingia katika ndoa, na mhakiki wa fasihi aikumbuke sababu hiyo kila anapousifu ulaini wake.