Ngome ndiyo, gati je?

Wasomaji wangu, wiki iliyopita nilizunguka Mombasa kwenye gari la watalii. Sikulipa mimi, msiogope, mshahara wa mwandishi mnaujua. Dereva, ambaye ndiye mwongozaji pia, aliniruhusu nikae kiti cha nyuma nikitafuta habari ya gazeti. Wateja wake walikuwa wazee wanne wastaafu walioshuka kwenye meli ya kitalii iliyofunga gati Kilindini alfajiri ile. Gazetini ilitoka aya sita tu. Yaliyobaki nayaweka hapa.

Kwanza biashara yenyewe. Meli ina ziara zake, unalipia humo humo melini kisha mnapakiwa kwenye basi kubwa. Ila abiria wengine hutafuta mwongozaji wao kwa intaneti kabla hawajatoka kwao. Wanaamua wenyewe wasimame wapi na wakae muda gani. Hatari ni moja. Basi la meli likichelewa, meli hulisubiri. Gari la binafsi likichelewa, meli inakwenda zake. Ndiyo maana ami (ni wa rika la baba yangu, namwita hivyo) anaitazama saa kuliko anavyotazama barabara. Wageni wanatakiwa melini saa kumi na moja jioni, yeye anataka wawe getini saa tisa. Likoni haendi, feri haina dhamana. Basi njia inajichora yenyewe: picha chini ya pembe za ndovu za Moi Avenue, Fort Jesus, Mji wa Kale kwa miguu, viungo vya Marikiti, vinyago, bandarini.

Pale ngomeni alisimulia vizuri, siwezi kumlaumu. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Cairati. Alipofika mwaka 1631 wale wazee waliacha hata kupiga picha. Ni kisa cha Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa Mombasa aliyepelekwa Goa, akabatizwa jina la Jerónimo, akarudishwa kutawala kwa niaba ya Wareno. Kumbe moyoni alikuwa na yake. Agosti 1631 akawageuka, akaitwaa ngome. Ami akaendelea na mazingira ya 1696 hadi 1698, Waomani nje, njaa na maradhi ndani. Halafu akaruka. Kuanzia 1895 hadi 1958 Fort Jesus ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni, zaidi ya miaka 60, na hayo yalipata sentensi moja. Mama mmoja aliuliza waliofungwa humo ni kina nani. "Watu wa makosa mbalimbali," akajibiwa, tukaenda kwenye mizinga.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu. Kila kituo cha ziara ile kilikuwa na mtu aliyekuja kwa bahari: Mreno, Mwomani, Mwingereza. Mtu aliyekuwa akiwashushia mizigo yao hakuwa na kituo.

Na mahali pake tulianzia! Kilindini, jina linalotokana na kilindi, kina kirefu cha maji, ilipata magati ya meli kubwa katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo mizigo ilishushwa kwa matishari. Magati hayo yalijaza kisiwa vibarua kutoka kila pembe ya Kenya, waliolipwa kwa siku na kulala wanapopata. Baada ya Vita vya Pili bei zilipanda, mishahara ikabaki nyuma. Tarehe 13 Januari 1947 wakaacha kazi, na si makuli peke yao. Wa reli, wa mahoteli na wapishi wa majumbani walitoka pia, watu wapatao 15,000. Mji ulisimama karibu wiki mbili. Mikutano yao ilifanyika kwenye uwanja wa mpira kule Majengo, na jina walilouita linatosha kueleza kila kitu: Kiwanja cha Maskini.

Serikali iliunda baraza la kuamua suala la mishahara, na nyongeza ikapatikana. Lakini Chege Kibachia, aliyekuja kuongoza African Workers' Federation, alikamatwa Agosti mwaka huo huo akahamishiwa Kabarnet, Baringo, alikozuiliwa takriban miaka 10. Mimi nimesoma hadi chuo kikuu, na jina hilo nililikuta kwenye kitabu nilichonunua barabarani.

Hata vinyago tulivyonunua vina kisa chake. Uchongaji wa Wakamba wa kuuzia wageni unahusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akajifunza kwa wachongaji wa huko. Yaani twiga yule wa mti ni ukumbusho wa vita. Wazee wanne walifungiwa twiga kwenye gazeti (si letu, la wapinzani) bila kuambiwa.

Nilimuuliza ami kwa nini hayasemi haya. "Mwanangu, mtu amekuja kupumzika, mimi nimpe mgomo?" Naelewa woga wake. Novemba 2005 meli Seabourn Spirit, ikija Mombasa, ilishambuliwa na maharamia pwani ya Somalia ikakimbilia Shelisheli. Baada ya hapo meli za kitalii ziliadimika huku kwa miaka. Aliyeonja njaa hiyo hachezi na mteja. Ila simkubalii. Uasi wa 1631 uliwasimamisha wazee wale juani, kwa nini wa 1947 uwachoshe? Tena yeye hana basi la meli wala karatasi ya kusoma. Gari ni lake, na kutoka getini hadi Majengo si safari.

Alisema atafikiria, meli ijayo ikija. Mimi nakusanya kumbukumbu nimpelekee. Kama babu yako alikuwa kuli Kilindini miaka ile, au unajua ni wapi hasa palikuwa Kiwanja cha Maskini, niandikie.