Mfuko wa Kanisa katika Nchi ya Kiangazi

Mji wa Sultan Hamud ulipata jina kwa mgeni. Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, alifika bara kuitazama reli ilipofikia maili ya 250 kutoka Mombasa, na stesheni ikaitwa kwa jina lake. Lakini kanisa lilikuwa limeitangulia reli Ukambani, likija kwa miguu, na tangu siku ya kwanza lilikabiliwa na swali ambalo wazee wa kanisa wa mji huu bado huketi nalo kila Januari: kazi ya Mungu italishwa na nani mvua isiponyesha?

Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849, akauona Mlima Kenya kutoka huko, akarudi pwani. Walutheri wa Ujerumani walikuja baadaye wakajenga vituo Ikutha na Mulango. Mwishoni mwa 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission (AIM) walipiga kambi Nzaui, mlima ambao leo uko katika kaunti hii ya Makueni. Kanuni yao ilikuwa ya imani: wasimwombe mtu fedha, wamwombe Mungu, wangoje. Kila mzigo ulibebwa na wapagazi kutoka Mombasa. Katika mwaka mmoja walikuwa wamefungua vituo vinne, Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo, na Desemba 1896 Scott akafa kwa homa. Hakuwa ametimiza miaka 30. Kisha ikaja njaa kubwa ya miaka ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba huiita Ngomanisye. Kabla karne haijaisha, karibu kundi lote la kwanza lilikuwa limekufa au limeondoka.

Siidharau imani ile. Watu wale walilipa kwa maisha yao. Ila mfuko wao ulijazwa ng'ambo, na Mkamba aliyebatizwa hakuulizwa kilichoingia wala kilichotoka. Jambo hilo lilikaa kama mwiba kwa miaka mingi.

Na kuchanga hakukuwa kugeni kwa Mkamba. Alikuwa na mwethya, kazi ya pamoja ambayo jirani huja na jembe lake, na asiyekuja hujulikana. Kwa mwethya watu walilima mashamba ya wajane na kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kwa mwethya walichoma matofali ya makanisa. African Brotherhood Church ilipoanzishwa mwaka 1945 na Wakristo wa Ukambani waliotaka kujitawala, ilisimama juu ya mikono hiyo, na makao yake yakawa Mitaboni, Machakos.

Mwaka 1971 ulikuwa wa aina yake. Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) alitoa wito kwamba wamisionari na fedha za ng'ambo visimamishwe kwa muda ili kanisa la Afrika lijifunze kusimama. Mwaka huohuo AIM ilikabidhi kazi na mali zake kwa Africa Inland Church, iliyoongozwa na Wellington Mulwa. Funguo zilipokewa kwa shangwe, na bili pia.

Ndipo meza ndogo ya kuhesabia sadaka ya Jumapili ikawa na uzito. Ibada ikiisha, watu watatu huketi: mzee mmoja, mama mmoja, kijana mmoja. Sarafu za shilingi kumi husimamishwa vichuguu vichuguu, noti ya hamsini iliyokunjwa mara nne hunyooshwa kwa kiganja, hesabu hurudiwa, kisha jumla huandikwa kwenye daftari na wote watatu kutia sahihi. Mweka hazina hahesabu peke yake hata akiwa malaika. Siku hizi sehemu ya sadaka huja kwa M-Pesa, nayo husomwa mbele ya ushirika pamoja na ile ya kikapuni. Kwangu mimi, meza ile ni mahubiri kamili.

Hatari mpya imekuja na magari makubwa. Mji ulio kwenye barabara ya Mombasa hupitiwa na wanasiasa, na bahasha moja ya harambee inaweza kuzidi sadaka ya mwaka mzima. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha ambazo Rais alitoa kanisani Soweto, Kayole, zirudishwe. Nilifurahi sana. Bahasha huua fungu la kumi: muumini akishaona paa limelipiwa na mheshimiwa, mia yake huiona bure.

Basi baraza la kanisa linalojua nchi yake hupanga kwa mvua. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tegemeo la mkulima wa huku, kwa hiyo ujenzi husubiri mavuno, na posho ya mchungaji na fungu la umisheni hutengwa kwanza. Februari, ndengu na kunde huletwa mbele ya madhabahu kwa debe. Kuku aliyefungwa miguu hunadiwa, akanunuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena, na karani kwenye benchi la mbele huandika kila bei.